Wasomaji Wanauliza: Anaishi na Bibi Yake, Mbona Anawadharau Wazee?

Barua zinazohusu vijana na wazee zimeongezeka katika meza hii, na nyingi zinafanana kiasi kwamba nimeona vyema kuzijibu kwa pamoja. Nimechagua nne. Majina ya waandishi yamehifadhiwa, na barua mbili zimefupishwa bila kubadilisha maana yake.

SWALI

Mimi ni mama wa watoto wawili. Mama mkwe wangu, ambaye sasa ana miaka 78, alihamia kwetu mwaka juzi. Nilitarajia kwamba mwanangu wa kiume, mwenye miaka 13, angemzoea na kumpenda, na kwamba kupitia kwake angejifunza kuwaheshimu wazee wote. Naona kinyume. Anamsalimia huku macho yake yakiwa kwenye simu, anamkatiza anapozungumza, na juzi nilimsikia akimwambia rafiki yake kwamba wazee ni mzigo na kwamba kazi yao ni kurudiarudia maneno. Bibi yake alikuwa ameketi hatua tano kutoka hapo. Nimemgombeza, nimemnyang'anya simu, nimemwonya kwa maneno ya dini. Si inasemwa kwamba watoto wanaokua karibu na wazee huwapenda wazee? Nimekosea wapi?

JIBU

Pole sana mama, na ahsante kwa kulisema waziwazi jambo ambalo familia nyingi hulificha. Kumleta mama mkwe nyumbani hakukuwa kosa, na tumaini ulilokuwa nalo lina msingi. Ila umeshika nusu ya jambo, na nusu iliyobaki ndiyo yenye kazi.

Mwaka 1954 Gordon Allport, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani, aliandika kwamba dharau baina ya makundi ya watu hupungua pale watu wa makundi hayo wanapokutana, lakini akaweka masharti: wawe na hadhi sawa wakati wanapokutana, wawe na lengo moja, washirikiane kulifikia, na wenye mamlaka juu yao waunge mkono jambo hilo. Miaka zaidi ya 50 baadaye, mwaka 2006, Thomas Pettigrew na Linda Tropp walikusanya matokeo ya tafiti 515 wakaona kwamba kwa jumla kukutana hupunguza kweli ubaguzi, hata pale ambapo masharti hayo hayakutimia yote, ila yanapotimia matokeo huwa na nguvu zaidi. Miongoni mwa makundi waliyoyachunguza walikuwamo wazee, na kwao nguvu hiyo ilikuwa ndogo kuliko kwa makundi mengine kadhaa. Kwa maoni yangu jambo hilo linaeleweka. Mtu anaweza kumaliza utoto wake bila kuzungumza na mtu wa taifa lingine, lakini karibu kila mtoto anamwona mzee kila siku, na kumwona tu hakumfundishi chochote.

Nimeisoma barua yako mara tatu nikitafuta kitu kimoja ambacho mwanao na bibi yake hukifanya pamoja, sikukipata. Wanasalimiana, wanapishana mlangoni, wanasikia sauti ya mmoja na mwingine kupitia ukuta. Jaribu kuyatazama mambo hayo kwa macho ya mtoto wa miaka 13. Tangu mwaka juzi ameambiwa apunguze sauti kwa sababu bibi amelala, ampishe bibi kwenye kiti, amletee bibi maji, asicheze karibu na bibi. Kila agizo ni la haki, nami sikulaumu kwa hata moja. Hata hivyo, yakijumlishwa, yanamwonyesha kijana huyo mtu ambaye hupokea tu, na yeye mwenyewe amekuwa mtu wa kutoa tu. Baina yao hakuna usawa, hakuna lengo moja, wala hakuna kazi ya kushirikiana. Sharti pekee la Allport lililotimia nyumbani kwako ni la mwisho, kwamba mwenye mamlaka, yaani wewe, analitaka jambo hili, na peke yake halitoshi.

Niruhusu nikueleze kilichonitokea mimi. Bibi yangu mzaa mama alikuwa fundi wa nguo, na alipofika miaka 70 hivi macho yake yalikuwa hayalioni tena tundu la sindano. Nilikuwa na miaka 9. Kila uzi ulipokwisha aliniita, nami niliulamba uzi mpya, nikaubana kwa kucha, nikaupitisha tunduni na kumrudishia sindano. Niliiona kuwa ni kazi ya kutumwa kama kazi nyingine zote za watoto, na mara nyingi nilinung'unika. Siku moja nilichelewa kurudi kutoka shule, nikamkuta ameketi mbele ya gauni la mteja ambalo pindo lake lilikuwa limeishia katikati, sindano tupu ameichomeka begani kwenye blauzi yake. Hakunigombeza. Alisema tu, "Macho yangu yamekuja," akanipa sindano. Tangu siku ile nilianza kukaa karibu naye hata uzi ulipokuwa haujaisha, nikaona jinsi kidole gumba chake kilivyopapasa kitambaa kutafuta mwelekeo wa nyuzi, na jinsi alivyoufumua mshono wake mwenyewe mara mbili kwa sababu haukumridhisha, ingawa mteja asingeliona kosa lile. Alinisimulia kwamba alipokuwa na miaka 16 alikikata vibaya kitambaa cha mteja wake wa kwanza, akaenda kulia nyuma ya nyumba ili mwalimu wake asimwone. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kufikiri kwamba bibi aliwahi kuwa na miaka 16, na kwamba aliwahi kumwogopa mtu.

Nimekusimulia haya kwa sababu yanalingana na walichokiona Pettigrew na Tropp waliporudi kwenye suala hili mwaka 2008, wakiuliza ni njia gani hasa kukutana hupitia hadi kuubadilisha moyo wa mtu. Walipima njia tatu: kupata maarifa kuhusu watu wa kundi lile jingine, kupungukiwa na wasiwasi mbele yao, na kuweza kuhisi kile wanachokihisi wao. Maarifa yalionekana kuwa na nguvu ndogo kuliko njia nyingine mbili. Ndiyo maana mahubiri yako, mama, hayakumgusa sana mwanao. Anajua tayari kwamba wazee huheshimiwa. Asichokijua ni bibi yake aliogopa nini alipokuwa na umri kama wake.

Barua yako, kwa mfano, haisemi mama mkwe wako alikuwa akifanya kazi gani maishani mwake. Huenda hata mwanao hajui. Anzia hapo. Tafuta kitu kimoja ambacho bibi anakijua na mjukuu anakihitaji kwa dhati, kiwe hesabu, ushonaji, kutengeneza kitu kilichoharibika, lugha, au historia ya baba yake alipokuwa mtundu wa miaka 13, jambo ambalo kijana yeyote angependa kulisikia. Kisha tafuta kitu ambacho mjukuu anakijua na bibi anakihitaji. Watu wengi hupendekeza mtoto amfundishe bibi kutumia simu, nami sipingi, ila likiwa jambo la pekee litaongeza ubaya, kwa maana litamthibitishia kijana kwamba bibi ni mtu asiyejua. Yaendeshe mambo yote mawili kwa pamoja. Ukishawaunganisha, ondoka chumbani. Watu hawafunguliani mioyo huku wanasimamiwa, na huenda wiki mbili za mwanzo zikapita bila maneno mengi.

Kuhusu kurudiarudia maneno, chunguza kwanza kama bibi anarudia kwa sababu hakuna anayemjibu mara ya kwanza. Mtu anayekatizwa kila siku hujifunza kuanza upya. Kama anarudia hata anaposikilizwa, na hali inaongezeka, apelekwe kwa daktari, kwa kuwa kusahau kunakovuruga maisha ya kila siku ni ugonjwa wenye majina yake, na Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba ugonjwa huo si sehemu ya lazima ya kuzeeka. Mwanao naye aelezwe hivyo, ili asije akadhani kwamba uzee na ugonjwa ni kitu kimoja.

Liko jambo jingine ambalo lazima ulitazamie. Mwanao anaweza kuja kumpenda bibi yake kwa moyo wote na bado akawadharau wazee wengine, akisema kwamba bibi yangu hayuko kama wao. Akili ya binadamu ni hodari wa kumtenga mtu mmoja mwema na kuliacha kundi lake pale pale lilipo. Kwa hiyo asikutane na mzee mmoja tu. Marafiki wa bibi wakija kumtembelea, kijana asifukuzwe chumbani. Na bibi mwenyewe azungumze wazi juu ya umri wake, kwamba mimi ni mzee, magoti yananiuma, na jambo hili bado ninaliweza, ili mapenzi atakayoyapata yaguse na uzee wake.

Mwisho nitakuuliza swali gumu kwa heshima zote. Mwanao anasikia nini wewe na baba yake mnapozungumza mkidhani kwamba amelala? Mwaka 1997 Stephen Wright na wenzake walionyesha kwamba hata kujua tu kuwa mtu wa upande wetu ana urafiki na mtu wa upande wa pili hupunguza chuki yetu. Nami naamini kinyume chake nacho kinawezekana, kwamba mtoto huokota uchovu wa wazazi wake na kuufanya msimamo wake. Lugha yetu hurahisisha jambo hilo kupita kiasi, maana Kiswahili kinaweza kumpandisha mtu au kumshusha kwa silabi moja. Mzee ni jina la heshima ambalo hata kijana mwenye cheo huitwa, ila badilisha herufi za mwanzo upate kizee, kisha lizee, na binadamu amepungua au amegeuka dubwana bila mtu kutukana. Watoto hujifunza viambishi hivyo majumbani mwao, muda mrefu kabla mwalimu wa sarufi hajawafundisha ngeli.

SWALI

Mimi ni mwalimu wa sekondari. Kila mwaka huwapeleka wanafunzi zaidi ya 60 katika makao ya wazee. Wanaimba, wanatoa sabuni na nguo, wanapiga picha, na baada ya saa mbili tunaondoka. Mwaka huu niliwaomba waandike insha fupi kuhusu safari hiyo. Wengi waliandika kwamba waliogopa, na mmoja aliandika kwamba anamwomba Mungu asimfikishe uzeeni. Nimefedheheka. Je, safari hizi ziachwe?

JIBU

Mwalimu, mwanafunzi aliyeandika sentensi ile amekufanyia wema mkubwa. Wengi huandika kile wanachodhani mwalimu anataka kukisoma, na kwa miaka mingi safari kama hizi husifiwa kwa sababu hiyo hiyo. Usiziache. Zibadilishe kuanzia mizizi.

Fikiri walichokiona wanafunzi wako kwa saa mbili zile. Waliwaona wazee dhaifu kuliko wote, wakiwa wamepangwa kwa safu, wakipokea nyimbo na sabuni. Hawakujua jina la hata mmoja wao. Wazee nao waliwaona vijana 60 waliokuja na kuondoka, ambao kila mmoja wao alikuwa sura tu katika umati. Kwa wanafunzi wale neno uzee sasa lina picha moja, nayo ni ya kuogofya. Watafiti wakiongozwa na Fiona Barlow walichapisha mwaka 2012 uchunguzi uliohusu makundi ya rangi, wakaonyesha kwamba makutano mabaya yanaweza kuongeza ubaguzi kwa nguvu kuliko makutano mazuri yanavyoweza kuupunguza. Sidhani kwamba umri umeepukana na kanuni hiyo. Safari mbaya inaacha hasara, na hasara hiyo hulipwa na kila mzee ambaye mwanafunzi huyo atakutana naye baadaye.

Mwaka 2019 David Burnes na wenzake walikusanya tafiti 63 za mipango ya kupunguza ubaguzi dhidi ya wazee, wakagundua kwamba mipango iliyounganisha elimu na makutano ya vizazi ndiyo iliyokuwa na matokeo makubwa zaidi. Kwa hiyo kabla ya kupanda gari, wape wanafunzi vipindi viwili au vitatu vya maarifa ya kweli. Waambie kwamba wazee walio wengi hawaishi katika makao kama yale, na kwamba wale watakaowakuta ni sehemu ndogo. Waambie kwamba watu hutofautiana zaidi kadiri wanavyozeeka, ili wasitarajie kwamba watu wawili wa miaka 80 watafanana kuliko wanavyofanana wawili wa miaka 15. Wafundishe pia jinsi ya kuzungumza na mtu asiyesikia vizuri: kukaa mbele yake ili aone midomo, kutamka polepole bila kupayuka, na kungoja jibu. Sehemu kubwa ya hofu ya kijana hutokana na kutojua afanye nini ukimya unapotanda.

Kisha punguza idadi. Wanafunzi 10 wanaorudi mara sita watajifunza mengi kuliko 60 wanaokwenda mara moja. Kila mwanafunzi awe na mtu wake mmoja anayemrudia, na wawili hao wawe na kazi yenye mwisho unaoonekana. Wanaweza kuandika kisa cha maisha ya mzee huyo, yeye akiwa mhariri mwenye haki ya kufuta sentensi asiyoitaka. Wazee wanaweza kuombwa wawe waamuzi wa mdahalo wa shule na kutoa hukumu yenye sababu. Mmoja akiwa aliwahi kuwa mwalimu, asahihishe insha kwa wino mwekundu bila kuonea huruma. Nakusihi hasa juu ya hilo la mwisho, kwa kuwa kijana ambaye insha yake imesahihishwa barabara hawezi tena kumwona msahihishaji kama mtu wa kuonewa huruma tu.

Na kabla ya yote hayo waulize wazee wenyewe wanataka nini. Huenda hawataki kuimbiwa. Huenda wapo wanaochukia kupigwa picha wakiwa na nguo za kulalia, na hakuna aliyewahi kuwaomba ruhusa.

Yako mahali ambapo wazo hili limepelekwa mbali zaidi. Mjini Tokyo, katika kituo kiitwacho Kotoen, kwa miongo kadhaa wazee na watoto wadogo wamekuwa wakitunzwa chini ya paa moja, na shughuli zao za siku huchanganywa. Katika mji wa Deventer nchini Uholanzi, makao ya wazee ya Humanitas yalianza kuwapa wanafunzi wa chuo vyumba bila kodi, na sharti lake ni kwamba kila mmoja atumie saa 30 kwa mwezi kuwa jirani mwema wa wazee wanaoishi hapo. Unaona kilicho cha pamoja katika mifano yote miwili, mwalimu: hakuna mgeni. Watu wale wanaonana siku ambayo mmoja wao amenuna, na siku ambayo hakuna tukio lolote, na kesho yake wanaonana tena. Shule yako haiwezi kufanya hivyo, lakini ziara sita zinaweza kukaribia hapo.

SWALI

Nina miaka 71, nimestaafu kazi ya upimaji wa ardhi. Nikienda hospitali na mwanangu, daktari kijana huniuliza, "Babu, tumekunywa dawa zetu?" kisha maelezo yote humpa mwanangu, kana kwamba mimi ni mzigo aliokuja nao. Nilikuwa nikikokotoa mipaka ya mashamba ya watu na mahakama ikakubali hesabu zangu. Nakiri pia kwamba mimi mwenyewe nimeanza kuwakwepa vijana. Je, nina haki?

JIBU

Shikamoo mzee wangu. Hasira yako ni ya haki, na kile ulichotendewa kimechunguzwa vya kutosha. Mwaka 2002 Susan Fiske na wenzake walieleza kwamba watu huyapima makundi kwa mizani miwili, wa wema na wa uwezo, na kwamba wazee huwekwa mahali pale pale karibu kila wakati: watu wema, wasio na uwezo. Dharau inayotokana na mizani hiyo haina sura ya chuki. Inakuja na tabasamu, na mkono begani, na ule wingi wa "dawa zetu" ambao daktari yule asingeuthubutu mbele ya mgonjwa wa miaka 40. Ndiyo maana ni vigumu kuilalamikia bila kuonekana mkali.

Ilalamikie hata hivyo. Ziara ijayo, kabla daktari hajaanza, mwambie kwa upole kwamba mgonjwa ni wewe, kwamba ungependa maelezo akupe wewe, na kwamba mwanao yupo kukusaidia kukumbuka. Mwombe na mwanao akubaliane nawe mapema kwamba daktari akimgeukia, atakutazama wewe na kungoja ujibu. Kitendo hicho kidogo cha mwanao kitakuwa na nguvu kuliko maneno yako, kwa kuwa daktari atakiona kijana mwenziwe akikifanya.

Nakusihi usilichukulie jambo hili kama la adabu peke yake. Mwaka 2002 Becca Levy wa Chuo Kikuu cha Yale alichapisha uchunguzi wa watu 660 wa Ohio, Marekani, waliokuwa na miaka 50 na zaidi walipoulizwa kwa mara ya kwanza jinsi wanavyouona uzee wao wenyewe. Waliouona kwa mtazamo mwema waliishi wastani wa miaka 7.5 zaidi ya waliouona kwa mtazamo mbaya, hata baada ya kuzingatia umri, jinsia, hali ya maisha, upweke na afya yao. Mtu anayeambiwa kila siku kwamba hawezi, mwishowe hujiambia mwenyewe.

Na hapo ndipo ninapopaswa kukujibu sehemu ya pili ya swali lako, mzee wangu, nikiwa mdogo kwako. Hapana, usiwakwepe vijana. Mwaka 2006 Dominic Abrams na wenzake nchini Uingereza waliwapa wazee majaribio ya akili, huku baadhi yao wakiambiwa kwamba watalinganishwa na vijana. Walioambiwa hivyo walifanya vibaya zaidi, kana kwamba dhana ya watu ilikuwa imekaa nao mezani. Ila wale waliokuwa na mahusiano mazuri na vijana hawakuyumba kwa kiasi hicho. Urafiki na kijana unakukinga wewe kama unavyomfunza yeye. Tena vijana nao hubaguliwa kwa umri wao: ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 kuhusu ubaguzi wa umri, ambayo inakadiria kwamba mtu mmoja kati ya kila wawili duniani ana mitazamo ya kibaguzi dhidi ya wazee, inaeleza pia kwamba barani Ulaya vijana ndio wanaosema zaidi kuliko rika nyingine kwamba wametendewa hivyo. Wapo vijana wanaosomea upimaji ambao hawajawahi kumwona mtu aliyeweka mipaka kwa mnyororo na vitabu vya majedwali ya hesabu. Watafute. Waonyeshe hesabu zako, kisha uwaache wakuonyeshe vyombo vyao.

SWALI

Nina miaka 22, nasomea uuguzi. Babu na bibi zangu wote walifariki kabla sijazaliwa. Wazee pekee ninaowajua ni wagonjwa wa wodini, na ninaona moyo wangu unakauka. Baadhi ya wauguzi wakubwa huwaita kwa namba za vitanda. Naogopa nitakuwa hivyo. Nifanye nini?

JIBU

Mwanangu, anayeogopa kukauka bado hajakauka.

Ninataka kukusimulia habari za Robert Butler, daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, ambaye mwaka 1969 alibuni neno la Kiingereza linalotumika hadi leo kuuita ubaguzi wa umri. Wazazi wake walitengana akiwa bado mtoto mchanga, akalelewa na wazazi wa mama yake huko Vineland, katika jimbo la New Jersey. Babu yake alifariki Butler akiwa mtoto mdogo, na bibi ndiye aliyemlea katika miaka ya mdororo mkubwa wa uchumi. Alimwona bibi huyo akianguka na kuinuka. Alipoingia chuo cha udaktari alishangazwa na jinsi walimu wake walivyowazungumzia wagonjwa wazee, kwa maneno ya kejeli, kana kwamba hawastahili muda wa daktari. Wenzake darasani waliwaona wagonjwa wale wale na kuwasikia walimu wale wale. Tofauti ni kwamba yeye aliingia wodini akiwa tayari amemjua mzee aliye mzima, mwenye nguvu, anayemtegemea. Baadaye akawa mkurugenzi wa kwanza wa Taasisi ya Taifa ya Uzee nchini mwake.

Wewe hukupata bibi, na wodi haiwezi kukupa bibi. Unachokiona huko ni wazee walio katika wiki mbaya kuliko zote za maisha yao. Mtu angewajua vijana kwa kupitia wodi ya ajali peke yake, naye angekauka moyo kama wewe. Kwa hiyo jukumu lako la kwanza liko nje ya hospitali: tafuta mahali ambapo wazee wanafanya kazi wanayoipenda na wanahitaji mtu mwenye mikono michanga, iwe kwaya, bustani, maktaba au chama chochote, na ujiunge kama mwanachama, kwa maana ukijiunga kama msaidizi utakuwa umeibeba wodi hadi huko. Udugu wa damu si sharti. Miongoni mwa watu walioshiriki katika mipango niliyoitaja katika jibu la mwalimu wamo vijana wengi waliokutana na wazee wasiowahi kuwaona kabla.

Jukumu la pili liko wodini, nalo halihitaji ruhusa ya mkubwa wako. Unapompima mgonjwa shinikizo la damu una dakika moja hivi ambayo mikono yenu imegusana. Kifaa kikiwa kinafanya kazi mwache atulie, maana kuzungumza huvuruga kipimo. Ukishaandika namba, kabla hujaufungua mkanda, mwite kwa jina lake na umuulize kitu kimoja: kabla hajaugua, alikuwa akiamka saa ngapi, na jambo la kwanza alilolifanya lilikuwa nini. Atakayekujibu kwamba aliamka saa kumi alfajiri ili afungue duka, au alisahihisha madaftari, au alimwogesha mtoto aliyekuwa hatembei, kesho yake utakapofika kitandani kwake hutaikumbuka namba ya kitanda. Liandike jibu hilo pembeni ya daftari lako la zamu, na zamu inapobadilika msomee muuguzi anayekupokea, pamoja na joto la mwili na mapigo ya moyo.